Kitovu Hakiombi Pasipoti

Ukishuka basi Garsen na njaa inakuuma, usiwasikilize wapiga debe. Vuka barabara, pita duka langu la leso na madera, kisha fuata harufu ya samaki wa kupaka. Hapo ni kwa Bi Nuriya. Hoteli yenyewe ni ndogo, viti havilingani, lakini ulimi wa mwenye hoteli unatosha ukumbi wa harusi. Mimi, Kadra, nimekuwa jirani yake tangu nilipofungua duka, na hili silisemi kumsengenya, maana hata akiwapo nalisema: sijaona mwanamke mwenye maringo ya kwao kama yule.

Kwao ni Kipini, huko chini mto unakoingia baharini. Atakuandalia wali, atakuuliza habari za watoto, na kabla hujamaliza sahani atakuwa ameshakwambia kwamba yeye hakuzaliwa chini ya Malkia wa mtu. Shuleni tulisomeshwa mambo hayo tukayasahau siku ya pili. Bi Nuriya hajasahau. Zamani za Mwingereza nchi hii ilikuwa mbili katika jina moja, Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ilikuwa ya Malkia. Himaya ilikuwa ukanda wa maili kumi kando ya bahari, ukipanda kutoka kusini hadi kuishia Kipini, na mwenyewe alikuwa Sultani wa Unguja. Mwingereza aliushika kwa makubaliano tu. Uhuru ulipokaribia watu wakagombana kwelikweli. Wako waliotaka mwambao ujitenge, wako waliosema Kenya ni moja. Mwisho Sultani akauachilia ukanda wake na bendera yake nyekundu ikateremshwa. Ugomvi ukaisha kila mahali isipokuwa ndani ya hoteli ya Bi Nuriya.

Haukuisha kwa sababu mumewe ni mtu wa Koloni. Duba ni Muorma, mzee mrefu mwenye fimbo na maneno machache, na siku ya mnada wa ng'ombe humkosi sokoni. Jioni huja kukaa kwenye kiti cha mlangoni, na hapo utani huanza.

"Nyinyi watu wa Malkia hata pilau hamuijui," mke husema.

"Watu ya Sultani iko na pilau tu," Duba hujibu. "Ng'ombe hakuna."

Wateja hucheka, na mimi huacha duka langu wazi nikaja kusikiliza. Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Duba halitanii, nalo ni vitovu. Watu wa Kipini, kama watu wengi wa pwani, husema kwao mtu ni pale kitovu chake kilipozikwa. Kitovu cha mtoto kikikauka na kuanguka hufukiwa ardhini, na juu yake Bi Nuriya hupanda mnazi. Watoto wao wote walizaliwa Garsen, na vitovu vyao vyote alivifunga kwenye pindo la leso akavipeleka Kipini. Duba hakuwahi kumzuia. Alisema mara moja tu, nilimsikia kwa masikio yangu: "Watoto yangu yote, na udongo yangu haina hata moja." Akanyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe wake.

Sasa nije kwenye safari. Kitinda mimba wao, Afrah, ni muuguzi, na aliolewa na kijana aitwaye Sadik aliyepata kazi Maskati, Oman. Wakahamia huko. Duba alimtania mkewe mwaka mzima kwamba binti amerudishwa kwa Sultani. Halafu Afrah akapata mimba ya kwanza. Kwetu wote, Mswahili, Muorma, na sisi Wasomali, mimba ya kwanza haina mjadala: binti huenda kujifungulia kwa mamake. Tiketi ilikuwa karibu kukatwa daktari alipomkataza kusafiri. Mimba ilikuwa dhaifu, akaambiwa alale, asipande hata ngazi.

"Basi n'takwenda mimi," Bi Nuriya akasema.

Mwanamke huyu hajawahi kuvuka mpaka wowote. Pasipoti hakuwa nayo, na ili apewe pasipoti alitakiwa cheti cha kuzaliwa, ambacho pia hakuwa nacho. Kitambulisho chake kinasema Tana River, basi. Akaambiwa cheti cha mtu mzima kinapatikana, ila alete chochote alicho nacho cha wazazi wake, na aje na shahidi aliyemzidi umri anayejua alivyozaliwa.

Cha wazazi alikuwa nacho, na alikitoa sandukuni kwa mikono miwili. Kilikuwa kitabu cha kusafiria cha marehemu babake, Tahir bin Haroun, mfanyabiashara wa Kipini, alichokatiwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza ili aende Unguja. Jalada limekakamaa na picha imefifia, lakini maandishi yanasomeka: mtu wa Himaya. Ukurasa wa watoto umeandikwa Nuriya, kazaliwa Kipini. Alinionyesha ukurasa ule kama mtu anavyokuonyesha mjukuu.

"Waona? Serikali yenyewe imeandika."

Na shahidi akamchukua mumewe. Nani mwingine? Wazee wake wa Kipini wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Mimi nikafunga duka nikaenda nao, kwa sababu Bi Nuriya akikasirika ofisini lazima awepo mtu wa kumvuta leso.

Ofisini tulimkuta binti mmoja mpole aitwaye Josephine. Akatukaribisha, akakiangalia kile kitabu, akakifungua taratibu kwa ncha za vidole.

"Mama, hiki ni kitu cha thamani, kiweke vizuri," akasema. "Lakini serikali iliyokitoa haipo tena. Mimi nategemea shahidi. Ulizaliwa wapi?"

"Kipini."

"Mzee, utaapa kwamba unayosema ni kweli?"

Duba akavua kofia, akaapa kwa Mwenyezi Mungu.

"Huyu mama alizaliwa wapi?"

Duba akamtazama mkewe, akaitazama kofia yake, kisha akasema, "Ndera."

Nilifikiri Bi Nuriya ataanguka kwenye kiti, maana Ndera iko mbali na ule ukanda, ni Koloni tupu. Josephine akaweka kalamu chini. "Ndera ya huku juu, mtoni?"

"Ndiyo. Pale malka yetu, pale ng'ombe nashuka kunywa maji. Mimi nilikuwa mtoto kidogo, lakini nimeona. Baba yake alikuja na mashua kununua mchele na samli, mama yake iko na mimba kubwa. Kurudi, uchungu ikamshika. Mashua ikasimama pale kwetu. Mama yangu ndiyo alimpokea huyu."

"Hapo nilitoka tu!" Bi Nuriya akapiga kelele. "Kuzaliwa nimezaliwa Kipini! Kitovu changu kiko Kipini, mnazi wangu uko Kipini, mwambie na mnazi!"

Nikamvuta leso. Hakusikia. Mnielewe, hakuwa anasema uongo, na babake naye hakumdanganya karani wa Himaya. Kitovu kilianguka mashua ikiwa bado inateremka mto, mamake akakifunga kwenye pindo la leso, kikazikwa Kipini siku waliyofika. Kwa hesabu za kwao amezaliwa huko, na watu wote wa kwao wangekujibu hivyohivyo bila kupepesa jicho. Ndiyo maana hata hakumpangia mumewe la kusema. Aliona ni sawa na kuulizwa jua linatokea wapi.

Josephine alijitahidi asicheke, namsifu kwa hilo. "Mama, mimi siulizi kitovu. Naulizia mahali ulipotoka tumboni. Na Kipini na Ndera zote ni Tana River, mimi sina ubaya na hata moja. Lakini cheti kina mahali pamoja tu, na nyinyi mmenipa pawili. Nendeni mkubaliane, mje na shahidi mwingine na barua ya chifu wa huko mtakakosema."

Safari ya kurudi nyumbani Bi Nuriya hakumtupia Duba hata neno. Na hoteli ikaingia kwenye matanga. Mzee akawekewa wali mkavu usio na samaki wala mchuzi, naye akaula wote kwa adabu akasema alhamdulillahi, jambo lililomkasirisha mkewe zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba maneno baina ya meza na jiko, kama tarishi.

"Mwambie huyo mtu wa Koloni sukari imekwisha."

"Mwambie mama ya Afrah mimi nimeapa kwa Mungu. Ningesema nini?"

Hapo ndipo alipopiga simu Abubakar, binamu wa Bi Nuriya wa huko Kipini. Habari zilikuwa zimemfikia. Akasema dada asihangaike, yeye yuko tayari kuja kuapa kwamba amezaliwa Kipini, na chifu wa huko wanafahamiana. Kazi ya asubuhi moja. Nikamwona Bi Nuriya uso unamnawiri. Duba akanyanyua kichwa kutoka kwenye wali wake mkavu.

"Abubakar hakuwa amezaliwa," akasema polepole. "Yeye ni mdogo yako."

"Sikukuuliza!"

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Siku ile samaki aliungua, kitu ambacho sijawahi kukiona. Mchana Afrah akapiga simu, na Bi Nuriya kwa sababu ya mafuta mikononi akaiweka simu juu ya meza tukasikia sote.

"Mama, unakuja lini?"

"Naja, mwanangu. Makaratasi tu."

"Mama, naogopa." Sauti ilikuwa ya mtoto kabisa, si ya muuguzi aliyezalisha wanawake wa watu. "Nikilala naota sikuoni."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bi Nuriya alifuta mikono, akakaa kwenye kiti cha mteja, jambo asilolifanya kamwe, na akalia waziwazi mbele ya madereva wa lori. Kisha akajipangusa kwa ncha ya leso. Akampigia Abubakar.

"Ahsante, ndugu yangu, lakini usije. Siendi kumpokea mtoto kwa kiapo cha urongo. Nikifanya hivyo likimpata jambo, n'tamlaumu nani?" Akakata simu. Bila kumgeukia mumewe akasema, "Kadra, muulize huyu bwana, dadake angali hai?"

Dadake Duba anaitwa Barwako, mkubwa wao, na anaishi Ndera mpaka leo. Kiswahili chake ni cha kuombea maji, lakini macho na akili ni vya msichana. Tulimkuta amekaa nje ya nyumba anasuka mkeka. Kumbe katika miaka yote hii ya ndoa Bi Nuriya alikuwa akifika pale kwa harusi na misiba, anakula, anarudi, wala hajawahi hata siku moja kuomba aonyeshwe mahali. Hakutaka kupajua. Angepajua, maneno yake ya hotelini yangekuwa na shimo.

Safari hii aliomba. Barwako akatuongoza hadi malka, njia pana iliyochimbwa na kwato, inayoshuka hadi majini. Mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unakwenda zake. Bibi akasimama kando ya mti wa mkwaju uliokatwa, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Hapa," akasema. Duba akawa anatutafsiria yaliyobaki. "Mimi nilikuwa msichana, nashika maji ya moto. Mama yako alinishika mkono huu, akaubana mpaka nikalia mimi badala ya yeye. Ukatoka wewe, mdogo, mwekundu, unapiga kelele." Hapo Duba akaongeza la kwake kwamba kelele hazijaisha. Barwako akaendelea bila kumjali. "Mama yetu alikata kitovu. Zalio lako tukalifukia hapa, kitovu chako kikaondoka na mashua. Ng'ombe wetu wamekulinda miaka yote hii, wewe ukipita barabarani hutusalimii."

Bi Nuriya akainama. Nilidhani ameteleza, kumbe anaushika ule udongo kwa kiganja. Akaunusa. Nikamsikia akisema peke yake, "Na mimi nilikuwa nikisema sina changu huku." Akamkumbatia wifi yake, wakakaa hivyo muda mrefu, na mimi nikajifanya naangalia mto.

Chifu wa Ndera hakutusumbua. Barwako alikwenda ofisini na kitambulisho chake, akaapa na kusimulia mambo ya maji ya moto mpaka Josephine akamwambia, inatosha, bibi. Cheti kikatoka kimeandikwa Ndera. Bi Nuriya alikisoma mlangoni, akavuta pumzi, akamkabidhi mumewe akishike wakati anavaa viatu. Jioni ile Duba alipewa samaki, kichwa na mkia, na nazi ya kutosha. Soko zima la ng'ombe lilikwisha pata habari, na kwa wiki nzima hakuna mchuuzi aliyepita bila kuamkia, "Shikamoo, Mama Koloni!" Aliwarushia maneno ambayo siwezi kuyaandika, lakini niliona kwamba hakuwa akiumia. Mtu anayeumia hawapunguzii wateja bei ya chai.

Akaenda Mombasa kupigwa picha na kutoa alama za vidole, na baada ya kungoja kulikotuchosha sote pasipoti ikaja. Aliigeuzageuza, akasema ile ya babake ilikuwa na karatasi nzito zaidi. Akaziweka pamoja kwenye mkoba, ile nzima na ile iliyokufa, akapanda basi. Alifika Maskati Afrah bado yuko kitandani na tumbo lake. Mtoto alipokuja, alikuja mikononi mwa bibi yake, wauguzi wakimwacha kidogo kwa sababu binti alikuwa mwenzao. Msichana. Wakamwita Hasina, jina la mamake Nuriya, yule aliyebana mkono wa Barwako. Duba alipopata habari aliwanunulia watu chai mpaka majani yakaisha, kisha akaenda kukaa peke yake na ng'ombe wake, na aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Bi Nuriya alikaa huko mpaka arobaini ikaisha. Siku ya kurudi, Duba alikuwa stendi kabla mabasi ya Malindi hayajaanza kuingia. Mkononi ana jembe jipya. Miguuni pake kuna mche wa mnazi ndani ya kopo la rangi, umemwagiliwa maji.

"Mzee, unakwenda shamba?" nikamuuliza.

"Kipini," akasema. "Nimesema na gari ya rafiki yangu. Yeye atakuwa amechoka. Akienda na kitovu ya mtoto leo, kesho apumzike."

Roho iliniuma kwa ajili yake. Mtu mzima, kwao hana mnazi hata mmoja, na amekwenda kununua mche ili ukapandwe mwingine huko kwa Sultani.

Bi Nuriya akashuka, amenenepa na ana miwani mpya. Tukasalimiana, tukalia kidogo, tukacheka. Kisha akaliona jembe na kopo. Akafungua pindo la leso yake, fundo dogo lililokazwa kwa meno, na ndani yake mlikuwa na kitu kama mzizi mkavu uliofungwa kwa uzi mweusi.

"Kule uwanja wa ndege wameniuliza yote," akasema. "Pasipoti, viza, mafuta ya nywele. Hiki hakuna aliyekiuliza." Akakiweka kile kitovu cha Hasina kwenye kiganja cha Duba na kuvifunga vidole vyake juu yake. "Twende Ndera."

Duba alisimama. Nadhani hakuelewa, au alielewa akaogopa kuamini. "Kipini iko upande ile."

"Naijua Kipini. Kipini nimo mimi na wanao wote. Huyu ni wako, Baba Afrah. Akae pale mamako aliponipokea."

"Lakini Ndera mnazi..." Machozi yalimtoka bila kificho, wapiga debe wakiangalia, na yeye hata hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imekishika kile kitovu.

"Utamea," Bi Nuriya akasema. "Ng'ombe wako wakiukanyaga, mimi na wewe tutaonana."

Tukaenda na gari ileile iliyokuwa iende Kipini. Barwako alichagua mahali kando ya njia ya ng'ombe, si mbali na ule mkwaju uliokatwa. Duba alilima mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akafukia, akapanda, na mkewe akatia maji. Kisha Bi Nuriya akampigia simu Afrah ili amwonyeshe picha.

"Sasa mwanao akiulizwa, afunzwe kusema kazaliwa Ndera," akasema.

"Mama, Hasina amezaliwa Maskati! Cheti ninacho hapa!"

"Huko alitoka tu," Bi Nuriya akajibu. "Na wakitaka shahidi, babu yake yuko, ataapa."

Duba, akiwa bado ameshika jembe, akasema yuko tayari.